Damu Iliyozidi Kiasi

Katika lugha yetu damu ni neno la sifa. Mzazi aliyetoka kujifungua hupewa mchuzi wa maini na mboga za majani ili aongeze damu. Ndugu wakigombana hukumbushwa kwamba damu nzito kuliko maji. Upungufu wa damu tuna maneno ya kutosha ya kuueleza, kwa kuwa malaria, minyoo, siko seli na njaa vimetufunza kuuogopa. Lakini damu iliyozidi kiasi haina jina katika mazungumzo yetu ya kila siku. Anayeambiwa kwamba damu yake ni nyingi huona amepongezwa. Insha hii ni habari ya damu hiyo isiyo na jina: jinsi ilivyotambuliwa, jinsi sababu zake zilivyotafutwa kwa zaidi ya miaka mia, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tukaao chini ya mlima Meru.

Naiandika kwa sababu nina deni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ninayo shahada ya udaktari wa falsafa, na kwa ajili hiyo majirani zangu wa Sekei huniita Daktari. Nimewaeleza mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa maneno, si wa miili, lakini jina limekwisha kushika. Jioni moja jirani yangu mmoja, mzee fundi seremala, alinijia na karatasi ya maabara. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasema: "Daktari, wameniambia damu yangu imepita kipimo. Gramu 19. Wanataka nirudi wiki ijayo watafute sababu. Sasa mtu mwenye damu nyingi anarudi hospitali kufanya nini?"

Nilikuwa nimepata kusoma mahali kwamba watu wa milimani wana damu nyingi kuliko watu wa pwani. Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyezoea kusikilizwa: "Mzee, hiyo ni kazi ya mlima. Sisi sote wa huku tuko hivyo." Akacheka, akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Hakurudi hospitali wiki ile, wala mwezi ule. Mwaka uliofuata, alfajiri moja, aliamka akakuta mkono wake wa kulia haumtii, na maneno yanamtoka yakiwa yamevunjika. Kilikuwa kiharusi.

Neno nililomwambia lilikuwa na nusu ya ukweli. Ni sharti tuitazame nusu hiyo kwanza, ilikotoka na ukomo wake, ndipo tutaweza kuiona nusu iliyokosekana.

Damu ni maji yenye chembe, na chembe zilizo nyingi kupita zote ni zile nyekundu. Katika tone dogo la ujazo wa milimita moja ya mchemraba, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyekundu kama milioni 5. Kila chembe imejaa himoglobini, utomvu wenye chuma ndani yake, ambao huikamata oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini. Chembe moja huishi siku kama 120, kisha hufa. Uboho wa mifupa hutengeneza nyingine, kama milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Mwili basi hauna damu kama mtungi ulivyo na maji. Unayo kama mto, na mto hujaa au hupwa kwa kadiri ya mvua ya juu yake.

Katika mwinuko oksijeni huwa haba. Sekei iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa kanieneo ya hewa ni kama sehemu 85 tu katika 100 za ile ya Tanga au Dar es Salaam. Apandaye Meru kutoka lango la Momella, akalala Miriakamba kwenye mita 2,500 na kitu, kisha akalala tena penye mita 3,570 kabla ya kukifikia kilele kilicho zaidi ya mita 4,560, huishia mahali ambapo kila pumzi ina karibu sehemu 6 tu katika 10 za oksijeni ya pwani. Mwili ukikaa huko siku nyingi hufanya kama mwenye kijiji ambaye kisima chake kimepungua maji: huongeza wachukuzi.

Jambo hili lilidhaniwa kabla ya kuonekana. Mganga wa Kifaransa Denis Jourdanet, aliyefanya kazi Mexico katikati ya karne ya 19, alistaajabu kuona wagonjwa wa nyanda za juu wenye damu nzito wakilalamika kwa dalili zilezile za watu waliopungukiwa na damu. Alimsaidia mwanachuoni Paul Bert, ambaye mwaka 1878 alichapisha kitabu kikubwa juu ya kanieneo ya hewa na viumbe hai. Bert alikisia kwamba wakaao juu lazima wawe wamejaliwa damu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba oksijeni. Mwaka 1882 alipima damu ya wanyama iliyoletwa kutoka La Paz, nchini Bolivia, akaona kisio lake lina msingi.

Aliyeziona chembe zenyewe zikiongezeka ni Mfaransa mwingine, François-Gilbert Viault. Mwaka 1889 alisafiri kwenda Peru, akapanda kutoka Lima iliyo pwani mpaka machimbo ya Morococha, mahali palipo juu ya mita 4,300. Kule akaihesabu kwa hadubini damu yake mwenyewe na ya wenzake. Pwani alikuwa na chembe kama milioni 5. Kabla hazijaisha wiki tatu kule juu zilikwisha kupita milioni 7. Taarifa yake ilisomwa Paris mwaka 1890. Hans Meyer naye alikanyaga kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, mwaka uleule, akishindiliwa na hewa nyembamba ileile. Ulaya ilishangilia ramani ya Meyer kuliko hesabu ya Viault. Hata hivyo hesabu ile ndiyo iliyoeleza kwa nini watu huhema wakielekea kileleni, na nini hutokea ndani yao wakikawia huko.

Hapa ndipo ilipotoka nusu yangu ya ukweli. Lakini Viault alikuwa penye mita zaidi ya 4,000; mzee jirani yangu yuko kwenye mita 1,400. Je, mwinuko mdogo huongeza damu kiasi gani? Swali hilo lilijibiwa na mwanamke ambaye jina lake halijulikani sana. Mwaka 1911 wataalamu wanne wa kiume walipanda Pikes Peak, huko Colorado nchini Marekani, wakakaa kileleni wakijipima. Mwenzao, Mabel FitzGerald, hakukaa nao kileleni. Alizunguka peke yake katika vijiji vya wachimbaji madini, vya chini na vya juu, akipima pumzi na himoglobini za watu waliokuwa wakiishi humo siku zote. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1913. Aliona kwamba damu haingoji vilele virefu: hata katika miinuko ya wastani huongezeka kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kwa kadiri hewa inavyopungua. Chuo Kikuu cha Oxford, alikosoma zama ambazo wanawake hawakupewa shahada, kilimpa shahada ya heshima mwaka 1972, alipokuwa na umri wa miaka 100.

Neno la kushikwa katika kazi ya FitzGerald ni lile "kidogo kidogo". Mlima hutoa damu kwa kipimo, nacho chaweza kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani huagiza vipimo vya himoglobini virekebishwe kwa wakaao katika mwinuko, nalo rekebisho la mahali palipo sawa na Sekei halifiki hata gramu moja kwa kila mililita 100 za damu. Waganga wa leo huanza kutafuta maradhi kwa mwanamume aliyepita gramu 16.5, na kwa mwanamke aliyepita 16. Mzee alikuwa na 19. Tukiutolea mlima haki yake yote, bado zinabaki gramu ambazo mlima haukuzileta. Lau ningalijua kutoa na kujumlisha jambo hili, nisingalimwambia nililomwambia.

Zilitoka wapi? Miaka michache baada ya Viault, tabibu wa Paris aitwaye Henri Vaquez alieleza mwaka 1892 habari za mgonjwa wa miaka 40, asiye mtu wa mlimani, ambaye uso wake ulikuwa umeiva kwa wekundu wenye weusi, na damu yake imejaa chembe kupita kiasi. Vaquez alidhani ni kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Mgonjwa alipofariki akachunguzwa, kasoro hiyo haikuonekana. Mwaka 1903 William Osler, akiwa Baltimore, alikusanya habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo, wenye wengu zilizovimba, akatangaza kwamba huu ni ugonjwa wenye nafsi yake. Ndio uitwao polisithemia vera. Humo uboho hutengeneza chembe bila kuagizwa na mtu. Mwaka 2005 vikundi kadhaa vya watafiti viligundua kosa dogo katika jini iitwayo JAK2, kosa lipatikanalo kwa wagonjwa kama 95 katika 100 wa maradhi haya. Kosa hilo aghalabu halirithiwi. Huzuka katika mbegu moja ya uboho katikati ya maisha ya mtu, na mbegu hiyo huzaa zake bila kukoma.

Wakati huohuo mlima wenyewe ulionekana kuwa na upande wa pili. Mwaka 1925 Carlos Monge wa Lima alieleza habari za mtu wa Cerro de Pasco, mji wa machimbo ulio kwenye mita 4,300 hivi, ambaye damu yake ilizidi hata kipimo cha mahali pake. Kichwa kiliuma, masikio yalivuma, midomo iliingia wekundu mweusi. Aliposhuka pwani alipona. Mwaka 1928 Monge aliandika kitabu juu ya maradhi hayo ya Andes. Somo lake lilikuwa zito: ongezeko lililo msaada laweza kupita mpaka likawa madhara, na kuwa mtu wa mlimani si kinga.

Liliobaki ni kujua nani anayeuamuru uboho. Mwaka 1906 Paul Carnot na Clotilde Deflandre wa Paris waliwatoa sungura damu, kisha wakachukua maji ya damu ya sungura hao wakawadunga wengine walio wazima. Wakasema chembe za hao wa pili ziliongezeka. Basi kuna mjumbe ndani ya damu. Wengi hawakuamini, maana jaribio lilikuwa gumu kurudiwa. Mwaka 1957 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba mjumbe huyo hutumwa na figo. Mmoja wao, Eugene Goldwasser, alimtafuta kwa miaka 20. Mwishowe Mjapani Takaji Miyake alimletea mabaki makavu ya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa uboho, yaliyokusanywa kwa saburi huko Japani, na mwaka 1977 wakapata miligramu chache tu za mjumbe aliye safi. Jina lake ni erithropoietini. Mwaka 1989, miaka 100 kamili baada ya safari ya Viault, dawa iliyotengenezwa kwa mfano wake iliruhusiwa Marekani, ikawaokoa wagonjwa wa figo na haja ya kuongezewa damu mara kwa mara. Na mwaka 2019 William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi chembe za mwili zinavyohisi uhaba wa oksijeni.

Kwa njia hiyo sababu zilizokuwa zimetawanyika zikapata mpango. Pengine figo huagiza damu kwa haja ya kweli: mwinuko mkubwa, mapafu yaliyochakaa, usingizi wa kukatika pumzi, mtoto aliyezaliwa na tundu la moyo linalochanganya damu safi na chafu, midomo yake ikawa ya bluu. Pengine huagiza kwa haja iliyoletwa na mtu mwenyewe, kama mvutaji wa tumbaku, ambaye moshi humtilia damuni hewa ya sumu ya makaa, ikakalia viti vya oksijeni. Pengine agizo ni la uongo, litokalo katika uvimbe wa figo au katika bomba la sindano. Pengine hakuna agizo, bali uboho umeasi. Na pengine chembe hazikuzidi kamwe, ila maji yamepungua kwa kuhara, kutapika au jua kali, damu ikaonekana nzito. Karatasi ya maabara huonyesha tarakimu moja kwa hali hizi zote, wala haisemi ni ipi. Ndiyo maana mzee aliambiwa arudi.

Nchi zetu zina ushahidi wao katika mambo haya. Mwaka 2002 Cynthia Beall na wenziwe walichapisha vipimo vya Wahabeshi waishio kwenye mita 3,530. Walitarajia damu nzito kama ya Andes. Wakakuta himoglobini ya wanaume ni wastani wa gramu 15.9 na ya wanawake 15.0, kama ya watu wa chini, na oksijeni yao haikupungua kama ilivyotazamiwa. Watu waliokaa mlimani vizazi vingi walipata njia nyingine ya kuishi huko, isiyokuwa ya kuongeza chembe. Kusema basi kwamba watu wa milimani wana damu nyingi ni kusema kwa jumla jambo lisilo la jumla.

Ushahidi wa pili ni wa wakimbiaji. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico, kwenye mita 2,240, na hapo Naftali Temu na Kipchoge Keino wa Kenya, na Mamo Wolde wa Ethiopia, walishinda mbio za kati na ndefu mbele ya macho ya ulimwengu. John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, alimaliza marathoni wa mwisho akiwa amefungwa bendeji gotini, na heshima yake haijafifia. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na mwaka 2025 Alphonce Simbu aliiletea Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni kutoka Tokyo. Barabara za Arusha zimejaa vijana wafanyao mazoezi kwa tumaini hilo. Mwinuko una sehemu yake katika ushindi wa namna hii, ingawa si yote. Miguu, moyo, malezi na jasho vina sehemu kubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba kilichotolewa na mlima kwa miezi chaweza kuigizwa na sindano kwa wiki chache. Dawa ya Goldwasser ilipigwa marufuku michezoni mwaka 1990, na kipimo cha kuigundua kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Wakimbiaji wa Afrika Mashariki nao wamekamatwa nayo. Kijana ajidungaye hudhani anajiongezea pumzi, kumbe damu ikizidi uzito moyo huisukuma kwa taabu, nayo huganda upesi. Wala tarakimu kubwa peke yake haimtii mtu hatiani. Mfini Eero Mäntyranta, aliyeshinda dhahabu mbili za mbio za theluji mwaka 1964, alishukiwa miaka mingi kwa sababu ya damu yake. Mwaka 1993 ikadhihirika kwamba ukoo wake umerithi jini inayoufanya uboho umsikilize mno yule mjumbe. Tarakimu ileile katika mmoja ni mlima, katika mwingine ni ukoo, katika wa tatu ni udanganyifu, katika wa nne ni maradhi.

Tiba nayo ina historia iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani. Watu wa pwani walijua tangu zamani kupunguza damu kwa kuumika, wakitumia pembe iitwayo chuku. Waganga wa Ulaya nao walitoa damu kwa kila maradhi, hata yale ambayo kutoa damu kuliyazidisha, mpaka desturi hiyo ikadharauliwa. Katika polisithemia vera imerudi kwa kipimo na kwa sababu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Italia juu ya wagonjwa 365: wale ambao sehemu ya chembe katika damu yao ilishushwa chini ya 45 katika 100 walipatwa na vifo vya moyo na magando makubwa kwa kiasi cha karibu robo tu ya wale walioachwa juu kidogo. Lakini atolewaye damu bila sababu kujulikana anaweza kuporwa kile ambacho mwili wake ulikihitaji. Jina la pembe ile tumelihifadhi katika msemo wa kutia chuku, yaani kuongeza maneno kupita ukweli. Nami jioni ile nilifanya hivyo hasa.

Mzee alipotoka hospitali baada ya kiharusi, tabibu hakumwuliza sana habari za mlima. Alimwuliza amevuta tumbaku miaka mingapi. Mzee akajibu, arobaini. Damu yake ikatumwa mbali kutafutwa lile kosa la jini, isionekane nalo. Mapafu yalipopimwa yalikutwa yamechakaa. Damu yake basi haikuwa neema ya Meru. Ilikuwa malalamiko ya mwili uliokuwa ukinyimwa hewa, na mwili ulilalamika kwa njia pekee uliyo nayo, kwa kuongeza wachukuzi. Aliacha tumbaku. Baada ya miezi tarakimu ilianza kushuka.

Mkono haujarudi wote. Randa huishika mwanawe sasa, naye mzee hukaa kando ya meza akimwelekeza kwa mkono wa kushoto. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo limenielemea kuliko lawama. Bado huniita Daktari, na bado hunijia na karatasi zake, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Nami humsomea tarakimu zilizoandikwa, halafu tarehe ya kurudi, nikanyamaza.